Walivyomwita Mama Mchawi

Mama yangu aliuza migebuka, samaki wa ziwani, sokoni Ujiji mpaka alipoanza kuisahau njia ya kurudi nyumbani. Mwanzoni tulicheka naye. Kisha mchana mmoja aliingia nyumba ya jirani, akaketi jikoni na kuanza kupuliza makaa, akidhani yuko kwake. Jirani alirudi na maji yake, akamkuta, akapiga yowe. Jua lilipozama, mtaa wetu wote pale Kasingirima ulikuwa unasema mama ni mchawi, na mganga alikuwa ameshaulizwa, akakubali. Watu aliokesha nao misibani, watu waliokula samaki wake.

Nilimpeleka hospitali. Baada ya vipimo, daktari aliniambia ubongo wake unaugua. Alipojua nafundisha biolojia huko Gungu, alinieleza kwa kirefu. Vipande vya protini iitwayo amiloidi hukunjika vibaya, hushikana, hujibandika kwenye utando wa seli za ubongo. Inaonekana vingine huutoboa. Kalsiamu huingia ovyo, seli hudhoofika na kufa. Wataalamu bado wanabishana kipi huanza, na dawa ya kumponya hakuna. Utando huohuo nauchora ubaoni kila mwaka, na sikuwahi kuufikiria ndani ya kichwa cha mama.

Kurudi nyumbani, nikamkuta kaka yangu ameshakubaliana na mjumbe wa mtaa: mama aitwe mbele ya majirani, aape kwamba hatarudia. Alisema ni kwa ajili ya amani. Aape nini? Kwamba seli zake hazitatoboka tena?

Kikao kilikuwa barazani kwa yule jirani. Niliwaamkia wazee, kisha nikabaki nimesimama.

"Mama yangu haapi," nikasema. "Ni mgonjwa. Anayetaka kumwapisha aanze na mimi."

Mjumbe akataka kujua ni ugonjwa gani unaomwingiza mtu nyumba za watu. Nikaeleza kama alivyonieleza daktari, kwa maneno mepesi. Wengine walielewa, wengine walitazama chini.

Jirani akauliza taratibu, "Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza. Mlimwuliza mganga."

Hakuna aliyeapishwa siku ile. Kaka aliondoka bila kuniaga.

Sasa mama haongei tena Kiswahili, Kiha cha utotoni mwake tu, na mimi ananiita dada yake. Jirani humletea uji. Lakini watoto wa mtaa bado humkimbia akipita, na kila mara nawafuata hadi milangoni kwao, nawauliza wazazi wao nani aliwafundisha.