Waya Chini ya Kitambaa

Asubuhi ile nilifunga shuka na shati la pili, nikaenda stesheni ya Tabora. Sikuwa na safari. Treni ya kwanza kupiga honi ilikuwa ya kuelekea Kigoma, nikaipanda. Nilipochoka kukaa tulikuwa Urambo, nikashuka.

Nje nikakuta watu wenye majembe na makarai. Niliwafuata, maana hakuna aliyenikataza. Tukafika kijiji kipya cha ujamaa, ambako siku hiyo msingi wa msikiti ulikuwa unachimbwa. Wasio Waislamu nao walikuwapo. Zamu ilikuwa ya kijiji kizima.

Fundi, mzee mfupi aliyehamia hapo kutoka Tabora mjini, alikuwa amepima kibla jana yake kwa dira, akapiga vigingi na kuvuta kamba. Sasa mwenyekiti wa kijiji, ili kila mtu ajionee, akaweka meza yenye kitambaa kwenye kigingi cha kwanza na dira juu yake. Muziki ulikuwa unatoka kwenye kipaza sauti kwa nguvu ya betri ya lori. Sindano ya dira ikageuka, ikaikataa kamba kabisa.

"Fundi, kibla yako imehamia stesheni!"

"Imekata tiketi!"

Watu wakacheka, mpaka mmoja akauliza, "Na ule msikiti uliojenga Bukene, wanaswali kuelekea wapi?" Hapo fundi akapiga goti kuikagua kamba yake upya. Kazi yake yote ilikuwa inahukumiwa juu ya meza ile.

"Ng'oeni vigingi," akasema mwenyekiti.

Shule niliacha darasa la nne, lakini nilishinda sana kwenye vibanda vya mafundi wa betri. Nikainua kitambaa. Waya mmoja wa betri ulipita chini ya dira. Mwenzake ulizunguka mbali, nyuma ya miti.

"Shikamoo, mwenyekiti. Zimeni muziki kidogo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mpita njia."

"Basi pita!"

"Mwacheni," fundi akasema. "Zimeni."

Wakazima. Sindano ikarudi sawasawa na kamba. Wakawasha, ikakimbia. Bibi mmoja akaomba azime na kuwasha mwenyewe, akafanya hivyo mara tatu.

"Kumbe umeme unavuja!"

"Hauvuji, bibi. Ukipita ndani ya waya, nje yake panazuka nguvu ya sumaku. Sisi hatuioni, sindano inaihisi."

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Lakini hawa bila ngoma hawainui jembe."

Nikauvuta ule waya wa mbali, nikausokota pamoja na mwenzake. Nguvu za umeme unaokwenda na ule unaorudi zikafutana. Muziki ukalia, sindano ikatulia juu ya kamba. Majembe yakaanza.

Fundi akanijia, jasho bado usoni.

"Unalala wapi, kijana?"

"Sijui, mzee."

"Utalala kwangu, kuna kitanda cha kamba. Ila kwanza utamweleza mke wangu habari za waya, maana ile kejeli ya Bukene itamfikia kabla yangu."

Ilikuwa imeshafika. Nilieleza mara mbili, kisha nikapewa mto.