Mkasi na Picha ya Wima

Jina alilopewa na wazazi wake nimeshalisahau, na hata yeye ukimwita kwa jina hilo hageuki upesi. Hapa mtaani ni Mkasi. Kazi yake ni kukata na kuunganisha video, katika kibanda chenye kompyuta moja, feni inayokoroma, na benchi ambalo mimi nimelikalia kuliko wateja wote. Mzee hana pa kwenda, akipata pa kukaa hushukuru.

Wengi humletea picha za marehemu wao awatengenezee filamu ya kumbukumbu. Picha yenyewe imesimama kimya. Yeye huisogeza taratibu, akaivuta karibu na uso, mpaka utadhani mtu yule ana neno anataka kusema. Ila picha nyingi za zamani ni za wima, na skrini ni pana kama mlango uliolazwa. Ukitaka picha ijaze skrini, ama vichwa vitoke ama miguu. Nimeona watu wakigombana pale juu ya kichwa cha shangazi.

Basi mwaka jana baba yake Mkasi akafariki. Baba huyo alimwacha mama yake Mkasi, mtoto akiwa bado anatambaa, akaoa kwingine, na huko akazaa mtoto aliyekuja kuwa na uwezo. Huyo tunamwita Bwana Mdogo. Yeye ndiye aliyeshika mpini wa shughuli ya kumbukumbu, akaja kibandani na bahasha ya picha.

"Kaka, fundi wetu ni wewe. Ila sitaki zile kingo nyeusi pembeni. Jaza skrini."

"Na Mama Mkubwa wako, mama yangu mimi, je? Humu hayumo."

Bwana Mdogo akacheka. "Kaka nawe! Tunamkumbuka baba au tunahesabu watu?"

Mkasi akaipokea bahasha. Mama yake anaishi naye, chumba cha uani, na jioni ile alimtolea picha moja aliyoitunza ndani ya kanga tangu ujana. Marehemu amekaa kitini. Yeye amesimama nyuma yake, mkono begani kwa mume.

"Mara moja tu, mwanangu," akasema. "Watu wajue nami nilikuwepo. Nisikae pale kama jirani aliyekuja kupumzisha miguu."

Picha ya wima, bila shaka. Ukiijaza kwenye skrini, anabaki mume peke yake. Mkasi akakuna kichwa siku nzima, kisha akapata njia: filamu ianzie juu, kwenye uso wa mama, iteremke polepole hadi kwa baba. Sekunde nane, kama picha nyingine zote. Akanionyesha. Nami nakwambia, yule mama alikuwa mzuri. Nilitazama mara tatu.

Siku ya shughuli, asubuhi, Bwana Mdogo akaingia kibandani na funguo za gari mkononi. "Ndefu mno, kaka. Wageni wameshaanza kuketi. Kila picha sekunde nne, basi."

"Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nini? Si kukata tu? Au jina la Mkasi ulijipa bure?"

Sasa, Mkasi ana mazoea yake. Akitaka kufupisha, hukata mwanzo wa picha, kwa sababu mwisho wa kila moja huyeyukia inayofuata, na ukiugusa lazima uunganishe upya. Akazishika zote kwa pamoja, akazipunguza sekunde nne za mwanzo. Mtu amemsimamia kichwani, hakuitazama tena. Akamkabidhi.

Ukumbini mama alikaa safu ya tatu, gauni limepigwa pasi. Picha zikapita. Ikafika ile. Likatokea gauni lisilo na kichwa, picha ikateremka, kisha marehemu anatabasamu na mkono umemkaa begani.

"Mkono wa nani ule?" mwanamke mmoja mbele yetu akauliza.

"Labda wa mpiga picha, anamweka sawa," mwenzake akajibu, wakacheka kwa adabu.

Mama akauingiza mkono wake chini ya mtandio. Hakuutoa mpaka taa zilipowashwa.

Njiani tulikuwa watatu. Mama ndiye aliyeanza kusema.

"Nani kanikata?"

Mkasi angeweza kumtaja nduguye, na nani angemlaumu? Nilimtazama, nikamwombea aseme hivyo.

"Mimi, mama. Nilikosea."

"Ungeniambia ni wao," mama akasema. "Wao nimeshawazoea."

Wiki hiyo Mkasi aliitengeneza upya, uso wa mama mzima, sekunde nane zote. Mama alikataa kuitazama. Na wageni nani atawakusanya tena? Tuliitazama mimi na Mkasi, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye benchi, kisha mteja akaingia na bahasha yake, Mkasi akaifunga filamu.