Matanga ya Mheshimiwa, Abu Hamour

Kwa miaka mingi nilimwendesha mzee mmoja wa Kimarekani, kutoka nyumbani kwake mtaa wa Abu Hamour, hapa Doha, hadi chuoni alikofundisha mambo ya utawala. Ujanani aliwahi kuwa mbunge katika bunge la jimbo lake, akiwakilisha vijiji vya wakulima. Aliwapigania mpaka wakapata hospitali. Kisha akaunga mkono kodi ya kujenga shule, na uchaguzi uliofuata wakamwondoa. Hakurudi tena kwenye siasa. Mimi nilimwita Mheshimiwa, maana kwetu Tanzania heshima hiyo haimtoki mtu. Alikuwa akicheka. "Laiti wangekusikia nyumbani," alisema.

Alipofariki, mwili ulibaki hospitali kungoja vibali vya kusafirishwa. Mkewe akajifungia ndani. Sikuweza kuvumilia mbunge afe bila watu kumkalia matanga. Nikamchukua rafiki yangu mpishi, tukapika pilau kwake mtaa wa Najma, tukaenda na mikeka.

Mlinzi wa getini, Mkenya, alitushangaa.

"Wazee, sufuria kubwa hivyo mnapeleka wapi? Kwani kuna harusi?"

"Kuna msiba," nikasema.

"Lakini mama amesema hataki mtu."

"Hajatuona sisi," mpishi akamjibu. "Fungua mwanangu, pilau inapoa."

Mama alitufungulia, macho mekundu. "Nani amewatuma?"

"Hakuna, mama. Kwetu mbunge akifa, watu hukaa."

"Aliacha ubunge zamani sana."

"Tunajua."

Akasogea, tukapita. Alhamdulillahi, hakutufukuza. Aliketi nasi mkekani, akala kidogo, akasema tangu habari zitoke hakuna mtu wa jimboni aliyempigia simu. Akaniomba nimwombee mumewe. Dini yangu ya Kiislamu ina mipaka katika kumwombea marehemu wa dini nyingine, na sikutaka kumdanganya mfiwa. Nikamwambia nitamwombea yeye subira. Akaitikia kwa kichwa tu. Nilisema kweli, lakini mpaka leo nikikumbuka uso wake naumia.

Tulikaa siku tatu. Kisha akasafiri na jeneza, akiwa na matumaini kwamba kule kwao kanisa litajaa.

Baada ya mazishi alinipigia simu kutushukuru. Nikamuuliza kama wale wakulima walifika. Yeye akaniuliza kama joto limeshaanza Doha.

"Limeanza, mama," nikamwambia.