Mahindi Yaliyodumaa Kwenye Njia Yangu

Baba mkwe alipouza kipande cha mbele cha shamba letu pale Izia, hakutaja njia. Kwetu nani anataja njia? Ni kama kumwambia mtu kwamba nyumba ina mlango. Mnunuzi, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya, mvua za kwanza zilipoanguka akakilima chote, akapandisha matuta juu ya njia yetu na kupanda mahindi. Nyumba yangu ikabaki nyuma, haina pa kutokea.

Nilimkuta shambani, mtoto mgongoni ana homa.

"Zunguka bondeni," akasema.

"Bondeni maji yananifika kiunoni. Mtoto aogelee?"

"Dada, nimenunua shamba. Sikununua wapita njia."

Nikapita mbele ya macho yake, kwenye mfereji wa pembeni. Akaziba kwa miiba. Nikaifyeka. Mume wangu akaniomba nisigombane na jirani. Nikamwambia abaki na upole wake, mimi nina mtoto wa kupeleka kliniki.

Nikaenda kwa afisa ardhi. Alinieleza vizuri: shamba ni la mwenzangu na litabaki lake, ila kama sina njia nyingine naweza kudai haki ya kupita. Kupita tu. Siwezi kulima hapo wala kuanika mahindi. Nikasema sitaki hata jani lake, nataka kutoka kwangu.

Wajumbe wa baraza la kata wakaja shambani kutusuluhisha. Jirani akaanza: "Hapa hapajawahi kuwa na njia. Baada ya mavuno watu hupita popote, hata ng'ombe. Huo ni ukarimu, siyo haki."

Na kweli, ndivyo tunavyoishi. Shamba likishavunwa ni la wote. Baba mkwe, aliyeitwa kwa kuwa ndiye muuzaji, akainamisha kichwa. Nilitamani kupiga kelele. Nikageuka kuangalia mlango wangu, ndipo nikaona. Kuanzia kizingitini hadi barabarani, mahindi yake marefu yalikatwa na mstari wa mahindi ya njano, mafupi, yananifika gotini.

"Wazee wangu, tazameni mahindi."

"Si wewe umeyakanyaga!" jirani akafoka.

"Mimi napita mferejini, nyayo zangu zile pale. Haya hayajavunjika. Yamedumaa. Udongo ule umeshindiliwa na miguu tangu sijaolewa."

Mama mmoja wa baraza akainama, akachomeka kijiti ardhini, kikavunjika. Akacheka. "Baba wee, hata mbolea yako imekataa kukutetea!"

Tukakubaliana: njia ya upana wa baiskeli yenye mzigo, na mimi nikadai iandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Jirani akaomba tusubiri mavuno.

"Mavuno ya nini, haya?" nikamuuliza.

Wajumbe wakasema yang'olewe leo. Nikaingia ndani, nikatoka na jembe, nikapiga goti mbele ya baba mkwe kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, baba. Ulisahau wewe, anza wewe."

Akaanza. Nikafuata nyuma yake, mtoto mgongoni, mpaka barabarani.