Benchi Langu la Mafuta ya Papa

Mkasa huu nimeuficha miaka mingi, nikingoja walioushuhudia watangulie mmoja mmoja, na kwa kuwa sasa tumebaki mimi na mdogo wangu Nyevu (naye siku ile alikuwa na miaka mitano, ushahidi wake haufai), nitausema bila kufunika uso: ni mimi niliyemsimamisha mzee wa kanisa mbele ya waumini wa Changamwe akiwa na mshale mweusi kwenye makalio.

Basi tulieni niwaeleze, maana sikukusudia.

Ilikuwa miaka ya vita. Mama alifariki alipomzaa Nyevu, nami nikaacha shule nimlee, nikiwa na miaka kumi na miwili, na miaka minne baadaye baba naye akatutoka. Baba alikuwa seremala. Alituachia nyumba ya udongo, sanduku la vifaa vyake, yaani msumeno, randa, patasi na nyundo, na suruali yake nyeupe ya kitambaa cha drili, ambayo niliikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo pamoja na karafuu, imngoje mdogo wetu Katana akue. Tulikuwa wanne: mimi, Katana, Mbodze na huyo Nyevu.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuwa akikaa Rabai. Mwaka mmoja baada ya maziko alituma habari kwamba atakuja Jumapili kutugawanya, Katana aende kwake, Mbodze kwa shangazi, Nyevu kwa binamu asiye na mtoto, nami nitafutiwe mume. Hakusema kwa ubaya. Alisema nyumba haisimami bila mtu mzima. Nilimrudishia jibu kwamba aje kwanza aone tunavyoishi, ndipo aamue. Kisha nikatazama huku na huku nikaona kwamba hatuna hata kigoda. Viti vyote tuliviuza wakati wa ugonjwa wa baba. Nikamwona Baba Mkubwa kwa macho ya fikira ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, akiwaangalia watoto wa seremala wasio na pa kumkalisha mgeni, nikajua hapo hapo tumekwisha.

Nikaamua kutengeneza benchi.

Wapagazi wa bandarini walionunua mahamri yangu walinipa mbao za kasha lililovunjika, zile zenye namba na mishale iliyopigwa rangi nyeusi kama lami. Upande mmoja mbao zilikuwa na vibanzi vya kuchoma, upande wa pili ndio laini, na ndio wenye maandishi. Nilijaribu kuyaondoa kwa randa, lakini makali yake yalikwisha na sikujua kuyanoa, nikajisemea kwamba maandishi hayo yanalipa benchi sura ya kitu cha dukani. (Nilikuwa na miaka kumi na saba, nisameheni.) Lakini miguu niliifanya vizuri. Nilimshikia baba mbao miaka yote nikaona alivyokuwa akichonga ulimi wa mbao ukaingia kwenye tundu lake ukakaza wenyewe, bila msumari, nami nikafanya vile vile, siku nne nzima, viganja vikaota malengelenge. Ijumaa benchi likasimama. Katana akalirukia, halikulia hata kidogo.

Hapo ningeacha, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini mbao zilikuwa zimepauka, nikataka zing'ae. Nikakumbuka kwamba mashua za Jomvu Kuu hupakwa mafuta ya papa na mbao zake hung'aa, tena mchwa hawaziwezi. Nikashika njia na kopo langu hadi kwa Mzee Athmani, fundi wa mashua. Akanijazia, akaniambia, "Hayo ni ya chombo, mwanangu. Yataka jua na upepo wiki nzima. Ndani ya nyumba, wallahi mimi sijui." Nilimsikia, tena vizuri. Nikapaka mara mbili. Jumamosi ikanyesha kutwa, na benchi, lingali bichi, nikaliingiza ndani.

Mnaijua harufu ya papa aliyesahauliwa? Asubuhi ya Jumapili paka watatu walikuwa mlangoni, na hata mmoja hakuwa paka wa kwetu. Katana aliamka akauliza nani amefia chini ya kitanda. Nikafukiza ubani, harufu ikawa mbili. Nikatandika kanga yangu mpya juu ya benchi, na Baba Mkubwa akabisha hodi.

Alikuwa amevaa suti nyeupe yenye koti fupi la kiunoni, imepigwa pasi hata mikunjo yake ingekukata, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa amealikwa kusoma neno siku hiyo. Tukampa shikamoo kwa zamu, akaitikia, akalitazama benchi. Kisha akaiondoa ile kanga, taratibu, akaikunja akanipa.

"Sidi."

"Abee, Baba Mkubwa."

"Mbao hazivishwi nguo. Waache watu wazione."

Akaketi. Akanywa chai akiwa ameegemea ukuta, nusu saa nzima, na joto la mwili wake likafanya kazi ambayo mimi sikuijua. Katikati ya kikombe akanusa, akauliza kama tumepika papa. Sasa ningesema nini? Nikasema ndiyo. Akafurahi, akasema hajala papa tangu mwaka jana, basi tukitoka ibadani atakula kwetu. Jikoni nilikuwa na mchicha.

Alipoinuka nilisikia kitambaa kikibanduka kwenye ubao, mlio mdogo kama wa karatasi. Mbodze alinifinya. Nilipotazama niliona mshale, mkubwa, umesimama wima, na chini yake namba nne zilizogeuka nyuma mbele. Nilifungua kinywa nimwambie, wallahi nilikifungua, lakini niliwaza kwamba nikisema tu, Katana anaondoka na mgeni leo. Nikakifunga. Tukatembea nyuma yake hadi kanisani, sisi wanne tumejipanga kama ukuta.

Ukuta haukuweza kumfuata mimbarini. Alipoitwa, alitoka kiti cha mbele akapanda ngazi mbili polepole, kama mtu mwenye heshima zake, na kanisa zima likasoma kabla yeye hajasoma. Kina mama wakaingiza nyuso kwenye kanga. Mwalimu wa kwaya akakohoa mpaka machozi. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kuwa hasikii vizuri hudhani wenzake nao hawasikii, akamwuliza jirani yake, "Huyu mgeni ameshushwa na meli gani?" Na mmoja wa wale paka akaja akakaa chini ya mimbari, akimtazama juu kwa mapenzi.

Baba Mkubwa alisoma hadi mwisho. Nje, mtu akamnong'oneza. Alirudi nyumbani mbele yetu, kofia ameishika nyuma kwa mikono miwili.

Tulipoingia ndani hakuketi.

"Huyo papa yuko wapi?" akaniuliza.

"Umemkalia, Baba Mkubwa."

Nikamweleza yote huku nalia, kopo, Mzee Athmani, mvua, mchicha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Suruali ile haikuwa ya kuvaa tena mbele ya watu, na njia ya Rabai ni ndefu, basi nikainama sandukuni nikatoa kile nilichokuwa nimemwekea Katana, nikampa kwa mikono miwili.

Alitoka chumbani ameivaa suruali ya baba. Walikuwa ndugu, unene mmoja, urefu mmoja, na suruali ilimkaa kama ilivyomkaa mwenyewe. Nyevu alimwendea akashika mkunjo wa goti, kama alivyokuwa akifanya kwa baba kila jioni, akatulia hapo hapo. Baba Mkubwa aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

Kisha akalibeba benchi mwenyewe akalitoa juani, akaligeuza miguu juu, akautikisa mguu mmoja mmoja.

"Hakuna msumari."

"Baba hakuwa akipiga msumari mguuni."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka." Akafuta mikono. "Leteni huo mchicha."

Tukala mkekani, sote, na yeye miguu ameinyoosha kama vile nilivyoogopa. Wakati wa kuaga nilisimama mlangoni nimewashika wadogo zangu, nikingoja amtaje wa kwanza. Akavaa kofia yake.

"Katana abaki hapa na nduguze," akasema, "umfundishe kazi ya babake. Lakini kupaka, atafute mtu mwingine."

Suruali ilirudi baada ya wiki mbili, imefuliwa, pamoja na jiwe la kunolea randa. Benchi lilikaa nje masika mawili kabla halijaruhusiwa kuingia ndani, nami tangu siku ile nimetengeneza meza, vitanda na hata mlango, na vyote vimebaki na rangi aliyovipa Mungu. Katana aliivaa suruali ya baba siku ya harusi yake. Nilimruhusu baada ya kuinusa mara tatu.