Shangazi Alipopoteza Sauti

Mtaani walimwita Vidole, na jina likamkaa. Kabla presha ya macho haijamchukulia nuru, alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha uchapaji, na vidole vyake vilizijua herufi zote bila kuyauliza macho. Macho yalipokwisha, kiwanda kilimuaga kwa saa ya ukutani. Saa ya ukutani, kwa mtu asiyeona! Alicheka mpaka akatokwa machozi, kisha akaanza upya.

Sasa alikuwa mnukuzi. Watu walimtumia mikutano iliyorekodiwa, naye akaigeuza maandishi, huku kompyuta ikimsomea kwa sauti kila alichoandika. Alitumia Linux, mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuuchokonoa atakavyo. Programu ya sauti aliijenga mwenyewe, akaihangaikia mpaka ikatamka Kiswahili bila kuyauma maneno. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha mbele, aliibatiza sauti hiyo Shangazi, maana haikujua kunyamaza.

Asubuhi moja Vidole alisasisha mfumo, akauruhusu ufagie vitu visivyotumika, akaiwasha kompyuta upya na kungoja salamu. Kimya. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kimya kile kile. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila kujiona kipofu, sasa alijiona.

"Mama watoto! Hebu njoo mara moja."

Mkewe akaja, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Vipi, Shangazi kakununia?"

"Hasemi kitu."

Mama watoto akakagua waya wa spika. Ulikuwa umekaa sawa. "Tumwite fundi wa kompyuta?"

"Fundi atafuta kila kitu aweke upya, na Shangazi niliyemjenga aende na maji. Kaa hapa. Mimi naandika, wewe nisomee kioo."

"Kiingereza cha kompyuta mimi sikijui, baba."

"Herufi unazijua. Zinatosha."

Akafungua dirisha la amri kwa kubonyeza vitufe, akaiita programu ya sauti kwa jina lake. Mkewe akasogeza uso karibu na kioo, akasoma kama mtu anayepita kwenye utelezi: maneno mengi ya Kiingereza, na katikati yake jina moja la ajabu, libsonic, nukta, herufi mbili, nukta, sifuri.

Vidole akashusha pumzi. "Basi Shangazi yu mzima. Kuna faili ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja, badala ya kila moja kubeba yake. Zinaitwa maktaba shirikishi. Moja haionekani."

"Kama mkasi wangu ule wa vitambaa vizito? Usipoonekana, cherehani ni nzima lakini kazi haiendi."

"Hapo hapo umepiga."

"Sasa nani kauchukua?"

Vidole akaangua kicheko. "Mimi! Shangazi nilimjenga kwa mikono, mfumo haumtambui. Nilipouambia ufagie, ukaona vitu vyake havina mwenyewe."

Akaandika amri ya kuirudisha maktaba ile. Mfumo ukataka nywila.

"Mbona unabonyeza na hakuna kinachoandikika?" mkewe akashtuka.

"Nywila haijionyeshi. Hapo sasa tumekuwa vipofu wote wawili."

Mkewe akampiga kofi la begani, wakacheka. Maktaba ikashuka kutoka mtandaoni, Vidole akamwita Shangazi tena. Kimya.

"Kosa limerudi lile lile," mkewe akasema kwa unyonge. "Mstari ule ule."

"Usiniambie lile lile. Soma herufi kwa herufi."

Akasoma, akasita, akarudia. "Ngoja. Hapa palikuwa na sonic. Sasa ni pcaudio!"

"Basi tunasonga mbele," Vidole akasema, na sauti yake ikapata nguvu. "Moja imepatikana, imetajwa nyingine. Safari hii tusibahatishe." Akaandika amri fupi inayoorodhesha kila maktaba ambayo programu inaitegemea. "Niambie ni mistari gani imeandikwa 'not found'."

Mkewe akateremka na kidole juu ya kioo, polepole, kama anayetafuta mshono ulioachia. "Mmoja tu. Huyo huyo pcaudio."

Akairudisha nayo. Akamwita Shangazi mara ya tatu, na Shangazi akapasuka kwa maneno, akiwasomea kila kilichokuwa kwenye kioo bila kupumua. Mama watoto akapiga kigelegele. Vidole alikaa wima, kifua mbele, kama siku aliyokabidhiwa kazi yake ya kwanza.

Baadaye alizitia alama maktaba zile mbili zisifagiliwe tena, akaketi kuandika hatua zote, awatumie wasioona wenzake kwenye jukwaa lao la mtandaoni. Akaanza, "Mimi na mke wangu."

Chumba cha mbele alikuwa ameingia mteja kuchukua gauni. "Leo tumeitengeneza kompyuta, mimi na mzee wangu," mama watoto alikuwa akimwambia. "Maktaba zilipotea, usiseme! Chungu nzima! Tukazisaka moja moja."

Zilikuwa mbili tu. Vidole akaacha kuandika, akampunguzia Shangazi sauti, ili amsikie mkewe mpaka mwisho.