Kitenge Kimoja kwa ajili ya Kapita

Naikumbuka vizuri siku niliyomtupia mbwa kichwa cha kuhe, samaki wa ziwani kwetu, bila kukipekua, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi tangu ulipokuja juzi kuniuliza kuhusu paka wako. Umesema daktari amekutajia gharama, umeshindwa kulala, na hujui utoe kiasi gani na uishie wapi. Nilikwambia nipe siku mbili. Sikuwa nafikiria jibu, jibu ninalo tangu ujana wangu. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema bila kujipendelea, maana katika habari hii mimi ndiye niliyeharibu.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo kila siku iendayo kwa Mungu. Wengi walipelekwa kambini moja kwa moja, lakini wengine walipokewa majumbani hapa Ujiji wakati wakisubiri lori. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alimpa chumba cha uani mwanamke mmoja tuliyemwita Mama Ushindi. Alikuja na binti yake Ushindi wa miaka sita, kifurushi kimoja, na mbwa mzee wa rangi ya kahawia aliyeitwa Kapita. Kwao kapita ni msimamizi wa kazi, yule anayetembea mbele na kuangalia. Mama Ushindi alituambia kwamba walipokuwa wanakimbia milimani, mbwa yule alikuwa anatangulia, na akisimama na wao wanasimama. Mara mbili alisimama, na mara zote mbili mbele kulikuwa na watu wenye bunduki.

Sasa nyumba yetu ni ya Waislamu, unaijua, na mbwa ndani ya nyumba ile lilikuwa jambo zito. Shangazi alilimaliza kwa maneno machache. Mbwa atalala nje ya ua, karibu na mlango wa jiko, atakuwa na bakuli lake ambalo halichanganywi na vyombo vingine, na asisumbuliwe na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mrefu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najiona mjuzi wa kila kitu, na kila nikimkuta Kapita mlangoni nilikuwa namkunjia uso.

Siku hiyo kaka yangu alirudi na kuhe wawili wakubwa wa mshipi. Lazima ujue tulivyokuwa tunafanya, kwa sababu ninyi siku hizi mnanunua samaki ameshatengenezwa. Kuhe akimeza ndoano mbali, mvuvi hahangaiki naye mtumbwini. Anakata nailoni, anamleta hivyo hivyo. Mpishi ndiye mwenye kazi ya kupekua koo kwa kidole, kuitoa ndoano na kuichomeka kwenye mwimo wa mlango wa jiko, ili mwenye mshipi aje kuichukua. Mwimo wetu ulikuwa na ndoano safu nzima. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza anayofundishwa msichana wa Ujiji jikoni, kabla hata ya kupika ugali.

Mimi nilimpekua mmoja. Wa pili sikumpekua. Kapita alikuwa amelala mlangoni, nataka kupita, nikakata kichwa na koo lake nikamtupia ili anipishe. Alikimeza kwa haraka ya njaa. Ndipo nikaona nailoni inaning'inia pembeni ya mdomo wake.

Hapo ilinipasa kuita mtu. Badala yake nikafanya walichokuwa wanafanya kaka zangu kila siku ya maisha yangu: nikaizungusha nailoni mkononi, nikavuta. Mtoto wa mvuvi akiona mshipi anavuta, hafikirii. Mbwa alilia mlio ambao sijausahau, nailoni ikakatika, na kipande kilichobaki mkononi mwangu nikakitia motoni. Kisha nikaendelea kupika.

Siku mbili Kapita hakula. Mate yalikuwa yanamtoka na shingo ameinyoosha. Mama Ushindi alidhani ni mfupa, akampa matonge ya ugali, akayakataa. Mimi nilinyamaza. Siku ya tatu nikamkuta Mama Ushindi anafungua kile kifurushi chake. Ndani yake mlikuwa na vitenge viwili, vizuri hasa, vile vya nta vya Kongo ambavyo wanawake wa hapa walikuwa wakiviona wanasimama njiani. Marehemu mumewe ndiye aliyemnunulia. Vilikuwa ndiyo mali yake yote. Alichukua kimoja akakipeleka sokoni, akarudi na pesa, akasema anakwenda Rusimbi kumwita bwana mifugo.

Nikasema mbele ya kila mtu, na sauti yangu naisikia mpaka leo, "Watu wanakosa unga, wewe unamtibu mbwa?"

Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa, mwanangu. Mtu mwenye hatia huwa na maneno makali kuliko wote. Shangazi ndiye aliyeweka chini ungo wake wa mchele.

"Zuhura, amekuomba unga wako?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi funga mdomo. Kiumbe anaumwa mlangoni kwangu siku ya tatu, na sisi tunaswali humu ndani. Aibu ni yetu."

Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli na mkoba wake wa ngozi. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, haongei sana. Alimchoma Kapita sindano ya kumlegeza, akamfungua mdomo, akaingiza koleo refu, akatoa ndoano. Kisha akampapasa tumbo kwa muda mrefu. Akatuonyesha kipande cha nailoni kilichotoka na ndoano, akasema mshipi ule ulikuwa na ndoano mbili, na ya pili imekwenda chini. Ipo tumboni. Kuitoa ni kumpasua, na kumpasua kunahitaji dawa ya usingizi ambayo hapa haipo, lazima iagizwe mbali. Akataja gharama. Hata angeuza vitenge vyote viwili, bado deni lingebaki.

Sasa sikiliza alivyofanya yule mama, kwa maana nimeishi na watu wengi wenye elimu na fedha na sijaona mwingine aliyefanya kama yeye. Hakulia, wala hakumwomba bwana mifugo apunguze. Alichuchumaa, akaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa wake, akauliza.

"Munganga, kama nalipa ile mingi, yeye atapata nini?"

Bwana mifugo alifikiri. "Ni mzee. Huenda asiamke. Akiamka atakuwa na kidonda kirefu, na maumivu ya wiki kadhaa. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Na nikiacha?"

"Huenda ndoano ikatoka yenyewe. Nimeshaona ikitoka. Huenda isitoke, na hapo ataumia."

"Akiumia, utarudi kumpumzisha?"

"Nitarudi na sindano ya mwisho."

Akahesabu pesa ya kitenge, akamlipa kazi aliyoifanya. Kisha akamlipa na ile safari ya kurudi, hapo hapo, kabla haijahitajika. Bwana mifugo alisema si lazima, atalipwa akija. Mama Ushindi akasema hapana, hataki Kapita aje asubiri wakati yeye anahangaika kutafuta franga. Kilichobaki alimnunulia samaki wa mchuzi. Kitenge cha pili alikifunga tena, akaniambia mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama nimekodoa macho, "Kimoja ni cha Kapita. Hiki ni cha Ushindi. Hiki sigusi."

Mimi sikuweza kuvumilia. Nilikuwa na kibubu changu cha kununulia cherehani, nimekijaza miaka mitatu kwa kuuza dagaa. Nilikwenda kukitoa chini ya kitanda, nikamfuata chumbani kwake, nikakiweka mbele yake. Nikamwambia tukivunje, tuagize hiyo dawa, apasuliwe. Siku ile ile niliyomsimanga kwa kitenge kimoja, sasa nataka kutoa kila nilichonacho.

Alikiangalia kibubu, hakukigusa.

"Hii franga si ya Kapita, Zuhura. Ni ya roho yako."

Nikakaa chini. Nikamwambia yote, kichwa cha kuhe, nailoni, kuvuta, moto. Nilitarajia anifukuze. Alinishika mkono akanitoa mpaka mlango wa jiko, akanionyesha mwimo. Kwenye ile safu ya ndoano, mwishoni, palikuwa na moja mpya, imeoshwa, imechomekwa mahali pake. Ndiyo ile aliyoitoa bwana mifugo. Aliichomeka tangu mchana, mgeni yule, kwa desturi yetu aliyoiona kwa macho tu.

"Nilijua imetoka wapi," akasema. "Nilikuwa nangoja useme. Kuniambia njo malipo, na nimeyapata. Chukua franga yako, nunua cherehani."

Mwanangu, nimesamehewa mara nyingi maishani, lakini ule msamaha ndio ulionifanya mtu.

Kapita aliishi siku tano zingine. Zilikuwa siku nzuri, sitakudanganya. Koo lilipona, alikunywa mchuzi, na asubuhi alikuwa anatembea pole pole na Ushindi mpaka ufukweni, anakaa pale inapoegeshwa mitumbwi anaangalia upande walikotoka. Siku ya sita alikataa maji na akaanza kuguna. Mama Ushindi hakungoja mpaka jioni. Alinituma Rusimbi, nikakimbia njia nzima, na bwana mifugo akaja bila kuuliza neno la pesa kwa sababu lilikuwa limeshakwisha. Shangazi, ambaye hakuwahi kumgusa mbwa tangu azaliwe, alitoka na mkeka wake mwenyewe akautandika kivulini. Akasema alazwe hapo, na mkeka usirudishwe ndani. Mama Ushindi alikipakata kile kichwa mpaka mwisho, akimsemesha kwa lugha ya kwao. Tulimzika na mkeka ule pale ufukweni, juu kidogo ya mchanga wa mitumbwi. Nililia kuliko mwenye mbwa.

Lori lilipokuja baada ya wiki tatu, cherehani yangu ilikuwa imeshafika. Nguo ya kwanza niliyoishona kwayo ilikuwa gauni la Ushindi, la kitenge kile cha pili. Mshono wa bega ulikwenda upande, lakini mtoto alipanda lori anang'aa, na mama yake akanipungia mkono mpaka wakakata kona. Sikumwona tena. Cherehani ile ndiyo iliyomlisha mama yako, na baada yake wewe mjukuu wangu.

Sasa turudi kwa paka wako. Usiniulize utoe shilingi ngapi, sijui mfuko wako. Lakini kesho ukienda kwa daktari, chuchumaa kwanza umshike paka wako, halafu muulize daktari paka huyu atapata nini kwa pesa hiyo. Usiulize wewe utapata nini. Akikwambia atapata miaka ya kukimbizana na panya, toa, hata ikikuuma, na watu wakikucheka waache wacheke, nami nitakuwa upande wako. Akikwambia atapata maumivu marefu ili wewe usione aibu ya kuacha, basi acha, na usijiite katili. Toa kitenge chako, usiguse cha mtoto. Ada ya shule ya mwanao si ya paka, hata umpende vipi. Weka kando mapema pesa ya kumpumzisha, kwa sababu siku hiyo ikifika hutakuwa na akili ya kuitafuta. Na kama kuna jambo ulimfanyia au ulichelewa, kama nilivyochelewa mimi siku mbili, liseme. Usijaribu kulilipia kwa daktari, halinunuliki huko.

Mimi mpaka leo, na macho haya yaliyofifia, sitoi kichwa cha samaki jikoni kwangu kabla kidole hakijapita kooni. Wajukuu wenzako wananicheka. Ndoano nikiikuta naichomeka mwimoni, na kila nikiichomeka namwombea yule mama, popote alipo.

Nenda sasa, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kutoa bila kunung'unika, akupe na ujasiri wa kusema basi ukiwa bado unapenda. Amponye paka wako ikiwa kuna kupona, na ikiwa hakuna, akulegezee mikono ili umpakate vizuri mpaka mwisho. Amina.